Tuliokaa Nyuma ya Shuka

Jirani wa chumba cha pili amechemsha mvumbasi. Harufu imepenya chini ya mlango wangu, imepita juu ya vitabu ambavyo sina tena mtihani wa kuvisomea, ikanikuta kitandani nikiisoma kwa mara ya saba barua yangu ya kuomba kazi. Nilikuwa nimekwama kwenye neno "nitafurahi". Je, watakaoisoma hawatadhani kwamba kwa sasa sina furaha? Na wakidhani hivyo, watamwajiri mtu asiye na furaha? Digrii ninayo, nafsi tulivu sina. Lakini harufu ile iliponifikia niliitupa barua pembeni, nikasimama katikati ya chumba, moyo ukinidunda kama wa mtoto aliyesikia ngoma mtaa wa pili. Wengine harufu ya dawa huwatia huzuni. Mimi hunitia mbio.

Ilikuwa harufu ya Halati Zena, mdogo wake mama. Tulikaa naye nyumba moja mjini Lamu, yeye akilala chumba cha chini kwa sababu ngazi zilimkata pumzi. Alikuwa na pumu, ingawa nyumbani hatukuiita hivyo. Tulisema tu "kifua". Kifua kimemwamkia. Kifua leo kimetulia. Nilikifikiria kama mgeni mkorofi mwenye mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Kila asubuhi mama aliinjika sufuria ya majani ya mvumbasi yaliyoletwa kutoka mtaa wa Wiyoni, na halati akajifunika shuka, akainama juu ya mvuke. Nilimsikia mle ndani akivuta pumzi kwa mluzi mwembamba. Kisha shuka lilifunguka, uso ukatokeza umelowa na kung'aa, na swali la kwanza lilikuwa lile lile: "Nani amegusa mahamri yangu?" Akikohoa sana alijibana mbavu za kulia kwa kiganja, maana hapo ndipo palipomuuma. Nilikuwa nimeuzoea mkono ule kama nilivyozoea pua yake.

Na huyo mwenye kifua kibovu ndiye aliyekuwa na sauti iliyotafutwa na kila nyumba yenye harusi. Kwetu harusi hutangazwa kwa vugo: wanawake hushika pembe za ng'ombe, wakazigonga kwa vijiti, mmoja akitoa wimbo na wengine wakiupokea. Halati ndiye aliyetoa. Jinsi mtu aliyeshindwa na ngazi kumi na mbili alivyoweza kuimba mpaka majirani wakafungua madirisha, sikuwahi kujiuliza, mpaka siku sinema ilipokuja.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka ile miaka ambayo bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua na kila kitu kipya kililetwa kwa motaboti kutoka Mokowe. Siku hiyo aliletwa bwana mmoja wa bara, suruali yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, pamoja na mashine mbili zilizofunikwa turubai. Alipita njia kuu akipaza sauti katika bomba la bati: "Wananchi wote mnakaribishwa! Sinema ya afya, na baada yake sinema ya Kihindi! Bure!" Watoto tulimfuata mpaka akawa hasikiki kwa kelele zetu.

Sinema ingeonyeshwa mchana, kwa kuwa boti ilipaswa kuondoka kabla maji hayajakupwa. Kwa hiyo bohari la mfanyabiashara mmoja lilitolewa magunia ya simsim, madirisha yakazibwa kwa mikeka, na ndani mkawa na giza lenye harufu ya papa mkavu. Likabaki suala la heshima. Wazee walikubali sinema kwa sharti kwamba wanawake wasichanganyike na wanaume. Basi shuka jeupe la kuonyeshea picha lilitundikwa katikati ya bohari, wanaume wakakaa mbele pamoja na mashine, sisi tukakaa nyuma. Picha ilipenya kitambaa, tukaiona sawasawa na wao. Kila mtu aliona ni busara kubwa. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, hata mimi, ambaye hufikiri zaidi ya hapo katika kila jambo.

Halati hakwenda. Vumbi la simsim lingemmaliza. "Tazama vizuri," aliniambia, "uje unihadithie yote. Usiruke kitu."

Sinema ya afya ilikuwa fupi. Mtu alikohoa, akaenda hospitali, akapewa vidonge, akatabasamu, akaonekana analima. Yote hayo kwa muda ambao mama huchukua kukuna nazi moja. Nilishangaa mno. Halati alikuwa na vidonge, na sijawahi kumwona akilima.

Kisha ikaja ya Kihindi, na nikasahau kama nina miguu. Kulikuwa na bustani, chemchemi, na msichana mwenye mato makubwa, kama tusemavyo kwetu, anayependwa na kijana wa tajiri. Palikuwa na karamu, na hapo ndipo Bi Mwanate, jirani yetu mwenye ulimi mkali, alipopiga kelele.

"Tazamani! Yule yuwala kwa mkono wa kushoto!"

"Wote!" akasema mwingine. "Hata yule mzee mwenye ndevu!"

"Astaghfirullah. Na nguo nzuri vile."

"Nyamazani huko nyuma!" sauti ya mwanamume ilitoka upande wa pili wa shuka.

"Nyamaza wewe," Bi Mwanate akajibu. "Sinema ni ya babako?"

Wanawake wakacheka mpaka shuka likatikisika na msichana wa kwenye bustani akakunjika kiunoni. Lakini muda si mrefu kicheko kilikatika, kwa sababu msichana alikohoa. Mara moja tu, katika leso. Akauweka mkono wake upande wa kulia wa kifua na kuangalia juu. Daktari akaja, akamwekea chombo chake upande huo huo wa kulia, akatikisa kichwa. Msichana akaimba. Akawa mweupe zaidi na mzuri zaidi, akaimba tena. Mwishowe akalazwa kitandani penye maua, nywele zimepangwa, wanja haujamwagika, mkono uko kulia, akaimba wimbo wa tatu. Wimbo ulipokwisha, kichwa kikaanguka upande. Nyuma ya shuka kilio kilianza kama cha msiba wa kweli. Mama alilia. Bi Mwanate, aliyekuwa amewalaani wote kwa ulaji wao, ndiye aliyelia kuliko wote.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimeganda. Nilikuwa nikihesabu. Kikohozi, mkono wa kulia, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na siku ya nne kutoka siku ile Mwanaamina, rafiki wa halati tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja, alikuwa anaolewa, na halati ndiye wa kutoa vugo.

Sikumhadithia. Nilimwambia sinema ilikuwa na bustani.

"Bustani tu? Siku nzima?"

"Na chemchemi."

"Mama yako amerudi na mato mekundu kwa ajili ya chemchemi?" Aliniangalia sana, kisha akakohoa, na mkono ukaenda palepale. Kulia. Nilitoka mbio.

Nataka mnielewe wenzangu, maana nimeshalifikiria jambo hili miaka mingi kuliko linavyostahili. Sikuwa nimepata kuona mtu akifa. Nilikuwa nimeishi na mgonjwa tangu kuzaliwa kwangu, nikala naye sinia moja, na bado siku ile niliamini picha juu ya shuka kuliko nilivyomwamini yeye. Picha ilikuwa na mpangilio. Halati hakuwa na mpangilio: leo alikuwa hoi, kesho anagombana na muuza samaki. Katika sinema mgonjwa hana Jumanne, hana siku ya katikati isiyo na maana yoyote. Ana siku ya kukohoa na siku ya kufa.

Basi niliiba pembe yake. Ilikuwa pembe nyeusi iliyong'aa kwa kushikwa, ya mama yao, na mji mzima uliijua sauti yake. Niliipeleka jikoni, ambako kwetu huwa juu kabisa ya nyumba, nikaifukia katika gunia la makumbi ya nazi. Nilijipongeza kwa akili: halati hawezi kupanda kule. Leo nikikumbuka akili ile, nataka kujificha mimi ndani ya gunia.

Nyumba ilipekuliwa siku mbili. Kesho yake ikiwa harusi, Bi Mwanate alikuja, akakaa barazani ndani ya daka letu, pale penye mlango wa mbele, na kusema kwa sauti ya upole ambayo sikujua kama anayo: "Zena, huenda ni ishara. Tangu Ramadhani kile kifua chako hakijakaa sawa. Nitatoa mimi. Wewe kaa, utazame. Mgonjwa hana lawama."

Halati alikuwa anakunja leso. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwanza mlininyang'anya ndoo ya maji," alisema. "Nikanyamaza. Kisha mkanitoa jikoni. Nikasema ni moshi, wananipenda. Sasa ni wimbo. Nikishatoka kwenye wimbo, Bi Mwanate, mtanitoa wapi tena?"

"Hatukutoi, mwanangu. Twakuhurumia."

"Ndiyo hiyo."

Hakulia, lakini chakula cha mchana hakukila, na mahamri ya jioni aliniachia yote. Nilikaa nayo mapajani bila kuyagusa. Nilijua nimemvunja. Nilijua vilevile kwamba aliyevunjika anapumua. Nilikuwa na umri wa miaka minane na hukumu hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Asubuhi ya harusi alikuja Athmani, mtoto wa ndugu yake baba, aliyenizidi mwaka mmoja na ambaye kwa mwaka huo mmoja alikuwa tayari anakaa na wanaume. Alikuwa akicheza kufa. Mji mzima wavulana walikuwa wakicheza kufa wiki ile. Alijilaza kwenye mkeka, akafumba macho, akauweka mkono kifuani kushoto, akaanza kulia kama paka.

"Umekosea," nikamwambia. "Aliushika upande wa kulia."

"Kushoto. Moyo uko kushoto, mjinga wewe."

"Nimemwona kwa macho yangu! Kulia!"

"Na mimi nilikuwa mbele kabisa, niliuona hata mshono wa shuka. Kushoto!"

"Utaona nini na wewe? Watu wenyewe walikuwa wanakula kwa kushoto."

Athmani akakaa. "Nani alikula kwa kushoto?"

"Wote. Hata mzee mwenye ndevu. Bi Mwanate alisema."

"Walikula kwa kulia kama watu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. Tuliangaliana. Halafu akachukua karatasi iliyofungia mahamri, iliyolowa mafuta mpaka ikawa kama kioo, akachora kwa mkaa mtu mmoja wa vijiti, mkono mmoja kifuani. Akaiinua kati yetu, dirisha likiwa nyuma yake.

"Mkono uko wapi?"

"Kulia."

"Kwangu mimi uko kushoto."

Nilizunguka nikasimama upande wake. Kushoto. Nikarudi upande wangu. Kulia. Nikazunguka tena. Nadhani nilizunguka karatasi ile mara kumi, na kila mara kitu fulani kilifunguka kifuani mwangu, mpaka nikaanza kupiga mayowe. Wanawake wote wa mji walikuwa wameiona sinema kinyume! Mzee mwenye ndevu alikula kwa kulia! Msichana aliumwa kushoto! Na halati yangu anaumwa kulia, kwa hiyo ugonjwa wake si ule, kwa hiyo anaweza kuimba nyimbo mia!

Nilipanda ngazi, nikalipasua gunia, nikashuka na pembe nimeikumbatia, makumbi yamejaa nyweleni mwangu, nikaanguka miguuni pa Halati Zena aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye mvuke.

"Hutakufa! Ni upande mwingine! Yeye ni kushoto, wewe ni kulia, tulikuwa nyuma ya shuka!"

Ilinichukua muda kuhadithia yote, na safari hii sikuruka kitu: leso, daktari, maua, nyimbo tatu, gunia. Alisikiliza akiitazama pembe. Nilingoja kofi. Badala yake mabega yalianza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha, na mkono ukaenda mbavuni. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Kwa hiyo mimi siku zote hizi n'nakufa kwa sababu ya shuka?"

"Ndiyo, halati."

"Na huyo msichana wa sinema, leso yake alimfulia nani?"

Nilifikiri. "Hawakuonyesha."

"Alipokosa usingizi alimwamsha nani? Nani aligombana naye juu ya dirisha, lifunguliwe ama lifungwe?"

"Hawakuonyesha."

"Basi hukumwona mgonjwa. Umeona mtu akifa vizuri tu." Alinivuta, akaanza kunitoa makumbi kichwani, moja moja. "Kifua hiki n'nacho tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Hakikai kulia wala kushoto. Kulia ni mbavu zinazochoka kwa kukohoa. Nikienda harusi nakwenda nacho, nikirudi narudi nacho. Huenda kitaniua, huenda nitateleza kwenye ngazi za pwani, Mungu ndiye ajuaye. Kuiba pembe nimekusamehe. Lakini ulinizika, na mimi nilikuwa chumba hiki hiki, mlango uko wazi. Mbona hukuja kuniuliza?"

Hilo swali nalibeba mpaka leo. Nimeona sinema nyingi tangu niende kusoma Nairobi, na kila zikizimwa taa namngoja mgonjwa. Najua atakohoa mara moja. Najua leso itakuwa safi. Ama atapona kwa dawa iliyoletwa na mvua, ama atakufa na wanja machoni. Na karibu naye daima kuna watu wanaonong'ona mlangoni, wanamhurumia, wanaamua, na hakuna hata mmoja anayeingia na kumuuliza. Rafiki zangu hulia. Mimi nakaa nikiwaza nani atamfulia leso.

Alasiri ile Halati Zena alitoka na pembe yake. Bi Mwanate alipoiona alifungua kinywa, halati akasema, "Imepatikana," na kinywa kikafungwa. Mama alinishika mkono. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa buibui na vicheko na harufu ya asumini, na pembe zaidi ya ishirini zilipoanza kugongwa kwa pamoja nilisikia mlio huo ndani ya meno yangu. Halati akatoa wimbo wa kwanza. Madirisha yakafunguka. Mwanaamina mwenyewe, asiyepaswa kuonekana, alichungulia ghorofani akarudishwa ndani na mashangazi. Wimbo wa pili ulikuwa wa kumtania bwana harusi, na wanawake waliupokea wakipiga vigelegele. Nilikuwa nimeshaelezwa kila kitu, nilikuwa nimezunguka karatasi mara kumi, na bado alipovuta pumzi ya wimbo wa tatu niliukaza mkono wa mama mpaka akanung'unika.

Ubeti wa pili, sauti ikakatika.

Ilikatika katikati ya neno. Halati aliinama, mluzi ule ninaoujua ukatoka, mwembamba na mkali, uso ukabadilika rangi. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilichokiona hakikuwamo katika sinema yoyote. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema maskini. Bi Mwanate, bila kuacha kugonga pembe, alisukuma kwa mguu kigoda kilichokuwa mlangoni mwa mtu, halati akakaa. Mama akaniachia mkono, akaenda kumwegemeza mgongo. Mtu akapitisha kikombe cha kahawa ya moto. Halati akatema katika leso, na haikuwa safi, akaikunja na kumkabidhi mama kama anavyokabidhiwa mtu chenji. Na wakati wote huo pembe hazikunyamaza. Wanawake walishika kiitikio kile kile, wakakirudia, wakakirudia tena, polepole kidogo, wakizungusha wimbo mahali pamoja kama watu wanaomngojea mwenzao afunge kiatu.

"Usituchezee, Zena," Bi Mwanate alisema, mapigo yakiendelea. "Mikono yatuuma."

"Gonga tu," halati akajibu kwa pumzi nusu. "Ulitaka kutoa wewe, ungeweza?"

Kicheko kikapita mstari mzima. Akanywa kahawa. Akavuta pumzi, moja, mbili, akaipima kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Kisha akainua kidole, pembe zikakaza, naye akalishika neno lile lile alilokuwa ameliacha, katikati yake, akalimaliza.

Aliumaliza wimbo wa tatu akiwa amekaa. Vigelegele vikapanda mpaka njiwa wakaruka kwenye mapaa. Nilimtazama, nikingoja kichwa kianguke upande.

Aliinuka, akampa Bi Mwanate kikombe kitupu, akatoa wimbo wa nne.